Boriti inapokwenda mrama

UKIPITA karibu na mjengo wowote Nairobi, Mombasa au Eldoret, utasikia Kiswahili kikichapa kazi. Fundi anamwita mwenzake alete koleo, mwingine anauliza kama bimu imekaa levo, mwashi analalamikia kokoto. Lugha hiyo ina utajiri wake na sina haja ya kuitolea darasa. Hata hivyo, kuna jambo moja linalovikumba vyuma vya ujenzi ambalo Kiswahili cha mjengo hakijalipa jina, na Kiswahili cha kamusi nacho kimelinyamazia. Wahandisi wetu hulisoma kwa Kiingereza chuoni, likabaki huko huko kwenye daftari. Fundi anayepanda juu kuchomelea chuma chenyewe haambiwi kitu, maana hakuna neno la kumwambia.

Muulize mtu yeyote: boriti ikizidiwa na mzigo, itafanya nini? Atakujibu papo hapo kwamba itapinda, na ikizidi itavunjika. Jibu hilo ni sahihi kwa boriti tuliyoirithi. Neno lenyewe limetoka kwenye mikoko ya pwani. Wakataji wa miti ya Lamu waliipanga mikoko kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ndiyo iliyobeba dari za nyumba za mawe, na upana wa vyumba vya nyumba hizo, mita 2 na nusu au 3 hivi, ulitokana na urefu ambao mti huo uliweza kuvuka kutoka ukuta hadi ukuta. Sasa angalia umbo lake. Boriti ya mkoko ni ya mviringo. Ukiizungusha vyovyote utakavyo, ugumu wake ni ule ule. Haina upande wa nguvu wala upande wa udhaifu. Kitu cha namna hiyo kikizidiwa kina njia moja tu, kuelekea chini. Ndiyo maana wahenga wa pwani hawakuhitaji neno jingine zaidi ya kupinda.

Boriti ya chuma si ya mviringo. Itazame kwa mwisho wake, utaona herufi I: bamba pana juu, bamba pana chini, na katikati ukuta mwembamba unaoyaunganisha. Katika makala haya nitayaita mabamba hayo mabawa, na ule ukuta wa kati kiuno. Umbo hili limebuniwa kwa ubahili wa akili: chuma kingi kimewekwa mbali juu na mbali chini, mahali panapofanya kazi, na katikati kimepunguzwa. Faida yake ni kubwa. Hasara ni kwamba boriti hiyo ni ngumu sana ikisimama na laini ikilazwa ubavu. Boriti ya kawaida yenye kina cha sentimita 45 na mabawa ya upana wa sentimita 19 huwa ngumu takriban mara 20 zaidi ikisimama kuliko ikilazwa.

Basi fanya jaribio. Chukua rula ya plastiki ya sentimita 30. Ibane kwa nguvu mwisho mmoja juu ya meza, ikiwa imesimama kwa ukingo wake mwembamba, na sehemu kubwa itokeze nje ya meza. Bonyeza ncha taratibu kuelekea chini. Mwanzoni rula ni kavu, haikubali. Ongeza nguvu kidogo. Mara inajisokota, ncha inakimbilia kushoto au kulia, na kidole chako kinateleza. Haikuvunjika. Wala haikupinda kuelekea kule ulikokuwa ukiisukuma. Imekukwepa.

Hilo ndilo jambo lisilo na jina. Boriti nzuri, chuma kizuri, mzigo ambao hautoshi kukivunja, na bado boriti inaukwepa mzigo kwa kwenda upande huku ikijisokota. Tena haitoi ishara ya polepole kama ubao unaolia kabla ya kukatika. Hufyatuka.

Kwa nini? Tuanze na boriti ya kawaida iliyolala juu ya nguzo mbili na mzigo katikati. Inapoinama kidogo, bawa la juu linabanwa na bawa la chini linavutwa. Kitu kinachovutwa hunyooka. Huna wasiwasi nacho. Kitu kirefu chembamba kinachobanwa hutafuta pa kutorokea. Leonhard Euler alilionyesha hilo kwa hesabu mnamo 1744, akitumia nguzo iliyobanwa miisho yote miwili: ukiurefusha urefu wake mara 2, uwezo wake wa kuhimili unapungua mara 4. Bawa la juu la boriti ni kama nguzo ya Euler iliyolazwa. Haliwezi kutorokea chini kwa sababu kiuno kinalizuia. Linalobaki ni kutorokea upande. Bawa la chini, kwa kuwa linavutwa, halitaki kwenda popote. Moja linakimbia, jingine linabaki, nao wameunganishwa kwa kiuno: matokeo ni msokoto.

Hesabu ya msokoto huu ilipatikana mwaka wa 1899, na iliandikwa na watu wawili ambao hawakuwa wakishirikiana. Mmoja ni Ludwig Prandtl, aliyeiandika katika tasnifu yake ya udaktari kule Munich kabla ya kupata umaarufu wake katika elimu ya mwendo wa hewa. Wa pili ni A. G. M. Michell, mhandisi wa Melbourne, Australia. Wote wawili walishughulikia vipande vyembamba kama rula yetu. Stephen Timoshenko, akiwa katika Milki ya Urusi, ndiye aliyeipeleka hesabu hiyo kwenye boriti za umbo la I miaka michache baadaye.

Jambo moja katika hesabu hiyo huwashangaza wengi, hasa wenye pesa. Kununua chuma chenye nguvu zaidi hakusaidii boriti ndefu nyembamba isijisokote. Kinachoizuia ni ugumu wa chuma, na ugumu ni karibu sawa kwa kila aina ya chuma cha ujenzi, kiwe cha bei ya chini au cha bei ghali. Dawa ni ama kupanua umbo, ama kulishikiza bawa linalobanwa ili lisipate pa kutorokea.

Katika boriti ya kawaida, dawa hiyo ya pili mara nyingi huja bure. Slabu, mabati au mbao za sakafu hukaa juu ya bawa la juu, na bawa la juu ndilo linalobanwa. Limeshikwa tayari. Mhandisi anapumua.

Sasa irefushe boriti hiyo ipite juu ya nguzo na kutokeza upande wa pili, hewani, bila nguzo nyingine chini ya ncha. Umeona umbo hili mara nyingi: paa la kituo cha mafuta, kivuli cha jukwaa la uwanja wa mpira, roshani ya kanisa, ghala lenye sehemu ya kupakilia lori isiyotaka nguzo mbele. Weka mzigo kwenye ncha hiyo. Ncha inashuka, na kila kitu kinageuka juu chini. Bawa la juu sasa ndilo linalovutwa. La chini ndilo linalobanwa. Mabati na slabu bado vimekaa juu, vikilishika kwa bidii bawa lisilohitaji kushikwa, na bawa la chini liko uchi. Mbano huo ni mkali kuliko kwingine kote pale pale juu ya nguzo, na hauishii hapo. Unaendelea kwa umbali fulani upande wa ndani, kwenye sehemu ambayo mtazamaji angedhani ni boriti ya kawaida tu.

Hapa ndipo watu walipokosea kwa gharama kubwa, na mfano ninaoujua vizuri ni wa Kanada. Mnamo Aprili 23, 1988, supamaketi ya Save-On-Foods ilifungua milango yake katika jengo la maduka la Station Square mjini Burnaby, jirani na Vancouver. Paa la supamaketi hiyo lilikuwa maegesho ya magari. Ilikuwa siku ya kwanza, mamia ya watu ndani, wengi wao wazee, na magari yamejaa juu. Asubuhi hiyo ulisikika mshindo, maji yakaanza kumwagika kutoka kwenye mabomba ya darini, na walioinua macho wakaona boriti imejisokota juu ya nguzo yake. Watu waliamriwa watoke. Dakika chache baadaye sehemu ya paa iliporomoka pamoja na magari takriban 20. Watu 21 walijeruhiwa. Hakuna aliyekufa, na ukizitazama zile dakika chache utaelewa kwa nini nasema ilikuwa bahati iliyosaidiwa na watu waliojua kuamua haraka.

Paa hilo lilijengwa kwa mtindo uliopewa jina la Heinrich Gerber, mhandisi Mjerumani aliyepata hataza yake mwaka 1866. Boriti moja hupita juu ya nguzo na kutokeza. Baina ya ncha mbili zilizotokeza huning'inizwa boriti fupi zaidi. Ni mtindo wa akili kwa sababu unaokoa chuma, na Kanada umetumika kwenye maelfu ya maghala na maduka bila shida. Lakini kila nguzo katika mtindo huo imebeba mtokezo, na kila mtokezo una bawa la chini linalobanwa. Serikali ya mkoa wa British Columbia iliunda tume ya uchunguzi chini ya Dan Closkey. Kwa ufupi, ilibainika kwamba boriti ilikuwa ndogo kuliko mzigo uliokusudiwa, na kwamba pale juu ya nguzo bawa la chini halikuwa limeshikizwa upande. Hapakuwa na chuma kibovu. Kanuni za mkoa huo baadaye zilianza kuwadai wahandisi na wasanifu watie saini hati za kuthibitisha kwamba wamesimamia kilichochorwa na kilichojengwa.

Niongeze hapa, ili nisieleweke vibaya, kwamba maghorofa yaliyoporomoka Huruma na kwingineko nchini ni ya zege, na maradhi yake ni mengine. Siyaingizi katika hesabu hii.

Turudi kwenye mtokezo. Ni kwa kiasi gani kushikizwa au kutoshikizwa kunabadilisha mambo? Kanuni ya Uingereza ya BS 5950, ambayo kizazi kizima cha wahandisi wa Kenya kilisomea, ina jedwali dogo ambalo ningependa kila msimamizi wa mjengo alione. Jedwali hilo linakuambia urefu ambao mhandisi anapaswa kuutumia kwenye hesabu badala ya urefu halisi wa mtokezo. Tuseme mtokezo wako ni wa mita 2. Ikiwa boriti imekamatwa nguzoni kila upande, haiwezi kusogea wala kujisokota wala kugeuka, na mzigo ni wa kawaida, hesabu itasema mita 1.6. Safi. Ikiwa boriti inaendelea juu ya nguzo, na kilichoshikwa pale ni bawa la juu tu, hesabu inasema mita 6. Na kama juu ya hayo mzigo umekaa juu ya boriti na uko huru kuyumba nayo, mita 15.

Rudia kusoma. Kipande kile kile cha chuma, mita 2 zile zile unazoweza kuzipima kwa tepu, na hesabu inakitendea kana kwamba ni mita 15. Hakuna aliyeongeza mzigo hata kilo moja. Tofauti yote iko kwenye vipande vya chuma vilivyochomelewa au visivyochomelewa pale nguzoni, ambavyo mwenye nyumba akiviona kwenye orodha ya ununuzi huuliza, "Na hivi vya nini tena?"

Habari ya mzigo kukaa juu inastahili neno. Mwanamke aliyebeba mtungi kichwani akiyumba, mtungi unazidi kumvuta kule anakoangukia. Akibeba ndoo mkononi, uzito unamrudisha. Boriti ni vivyo hivyo. Mzigo uliowekwa juu ya bawa la juu huzidisha msokoto unapoanza. Mzigo ulioning'inizwa chini, kama winchi ya karakana, hujaribu kuurudisha.

Tena kuna ukaidi mwingine. Mtu akishaelewa kwamba bawa la chini ndilo linalobanwa, atakimbilia kulishikiza hilo hilo hadi kwenye ncha. Kumbe kwenye ncha ya mtokezo bawa linaloyumba zaidi ni la juu, lile linalovutwa. Rula yetu inaonyesha: ilipokwepa, ukingo wa juu ndio uliokwenda mbali zaidi. Kwa hiyo nguzoni mshikizo wa chini ni wa lazima. Nchani, wa juu una faida zaidi. Lakini usidhani wa nchani unaweza kulipia deni la nguzoni. Jedwali lile lile linasema kwamba ukishikiza bawa la juu nchani huku nguzoni umeshika juu tu, zile mita 6 zinashuka hadi 5.4 pekee, na zile 15 hazishuki kabisa.

Mshikizo wa nguzoni wenyewe hauna miujiza. Vibamba vinachomelewa kila upande wa kiuno, kutoka bawa la juu hadi la chini, ili boriti isijikunje pale inapobebwa. Kisha kipande cha chuma kinatoka bawa la chini kwenda kwenye boriti ya jirani, au kinapanda kwa mshazari hadi juu. Ni kazi ya nusu siku kwa welda mzuri. Shida ni kwamba kwenye mchoro huonekana kama pambo, na pambo ndilo la kwanza kukatwa pesa zikipungua.

Tumeshaeleza kitu, tukipe jina. Kiingereza kimekipa jina la maneno matatu, linalotaja upande, msokoto na kukunjika. Wapo watakaotaka tuyafasiri moja moja, tupate kitu kama "mkunjo msokoto wa kando". Istilahi za aina hiyo tunazo tele, zimezikwa vitabuni, na hakuna fundi aliyewahi kuzitamka. Wajerumani hawakufanya hivyo. Prandtl alilitumia neno "Kippen", ambalo ni neno la nyumbani kabisa: kile kinachotendwa na glasi inapopinduka mezani au kiti kinapolala. Wahandisi wa Kijerumani bado wanalitumia, na hakuna anayechanganya glasi na daraja.

Kiswahili kina neno lake la namna hiyo, nalo linatoka baharini. Chombo kinachoyumba ubavu kwa ubavu, kikiinamia upande mmoja hadi kukaribia kupinduka, huenda mrama. Tazama jinsi neno hilo linavyofaa. Mrama si kuzama, maana chombo hakijashuka. Wala si kuvunjika, kwani mbao ziko nzima. Ni kulala upande huku kikizunguka kwa urefu wake, na huzidi pale shehena inapokuwa juu badala ya kuwa ndani ya ngama. Kila tulichokieleza kuhusu boriti kimo humo, hata ule mzigo wa juu. Nahodha angemwelewa mhandisi bila mkalimani.

Najua pingamizi litakalokuja. Watasema "kwenda mrama" siku hizi ni maneno ya magazeti: mipango ya chama imekwenda mrama, ndoa imekwenda mrama, timu imekwenda mrama. Ni kweli, tumelitumia hadi likapoteza chumvi ya bahari. Lakini hiyo ni sababu ya kulirudisha kwenye maana yake ya mwili, si ya kulitupa. Ukimwambia fundi kwamba bawa la chini lisiposhikizwa hapa boriti itapinda, ataitazama boriti nene mbele yake na kukucheka kimoyomoyo. Mwambie itakwenda mrama. Atauliza, upande gani?

Basi napendekeza mrama wa boriti kwa kisa hiki, na kujikunja kwa nguzo kwa kile kisa cha Euler, ili tusivichanganye. Mtokezo ubaki mtokezo. Kuhusu mabawa na kiuno, nimeyatumia kwa kuwa nilihitaji maneno. Mafundi wa chuma wa Gikomba na Kariobangi huenda wana yao yaliyo bora, na ningependa kuyasikia kabla wanakamati wa istilahi hawajaketi.